Mgeni wa Siku ya Tatu

Nilimleta kutoka Rejina, mwendo wa saa tatu wa barabara nyeupe,
kipimajoto cha gari kikisoma thelathini na moja chini ya sifuri,
naye ndani ya mfuko, mfuko ndani ya boksi,
boksi mapajani mwa Olesia, chupa ya maji moto ubavuni.
Kangaja wa samawati, mpana kama kiganja,
uso mweusi, pezi la njano mgongoni.
"Huyu ametugharimu kuliko kochi," alisema Olesia,
na hakulegeza mikono mpaka tulipofika nyumbani.

Hakwenda sebuleni, kwenye hodhi kubwa la matumbawe.
Nilimteremsha chumba cha chini, kando ya tanuri,
kwenye kioo kitupu: hakuna mchanga, hakuna jiwe,
viwiko viwili vya bomba la plastiki, hita,
na mashine ya kupuliza hewa.
Karantini. Mwaka juzi nililidharau neno hilo.
Mwaka juzi nilifukia samaki saba kwenye theluji
kwa sababu ya mmoja niliyemwonea huruma.
Theluji ilipoyeyuka, kunguru walijua.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Ya tatu nilishuka na tochi, nikaona
chembe nyeupe pezini, kama mtu amemnyunyizia chumvi
kabla ya kumkaanga.
Alijikuna kwenye kiwiko cha bomba.
Alipumua kama aliyepanda ngazi mbio.
Nikampa shaba badala ya jembe.

Shaba ni dawa, shaba ni sumu; kati yake kuna matone.
Unahesabu, unatikisa kichupa, unalinganisha rangi
na kadi, chini ya balbu, kwa miwani ya kusomea:
buluu hii, au ile?
Ikipungua, kimelea kinacheka.
Ikizidi, umemzika mwenyewe.

Kazini nashuka mita elfu moja
ndani ya bahari iliyokauka
kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bahari.
Tunaichimba kwa mashine, nyekundu,
potashi ya kurutubisha mashamba ya mbali.
Ukiramba midomo, unaionja.
Halafu napanda, naoga, narudi nyumbani,
nakoroga bahari nyingine ndani ya ndoo
kwa mwiko ambao Olesia amenikataza.
Nje ni mabua ya ngano chini ya barafu, na upepo.

Siku ya sita ngozi ilitakata.
Olesia akapiga makofi pale ngazini.
Nilichelewa kumwambia kuwa madoa yakianguka si kupona:
yamekwenda chini kuzaana,
na kila moja litarudi likiwa mia.
Alinyamaza. Kisha:
"Nilipotolewa nyongo, Orest, ulikaa nami dakika arobaini.
Ulikuwa na zamu."
Mashine ya hewa iliendelea: puku, puku, puku.
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Niliinuka, nikamwachia kiti.

Siku ya tisa, nikibadilisha maji, alinikata kidole gumba
kwa kile kisu anachokificha mkiani.
Damu ilining'inia majini kama uzi, ikayeyuka.
Nilifurahi kama mjinga: mgonjwa anayepigana!
Lakini mwani niliombania kioni
ulilegea, ukaoza, nikautoa.

Alfajiri ya siku ya kumi na moja, natoka zamu, buti mkononi,
nilimkuta Olesia kwenye kile kiti,
koti langu la mgodini juu ya gauni la kulalia.
Mwani mpya ulikuwa umeng'atwa kona moja,
alama ya nusu duara, ndogo kama ukucha wa mtoto.
"Usiwashe taa," alisema. "Anadhani hatumwoni."

Zimebaki siku ishirini na mbili za shaba.
Nilikaa kwenye ngazi ya mwisho, soksi zikiloa,
nikataka kuuliza kidonda cha nyongo kilimuuma kiasi gani,
miaka minne imepita sasa.
Tanuri likanguruma, likawaka.
Nikauliza.