Safu ya Kutembea

Miaka thelathini na mmoja nilikaa Gongoni kwenye mizani
nikiandika uzito wa malori ya chumvi:
likiingia tupu, likitoka limejaa,
tofauti yake mali ya watu wengine.
Sidi alikuwa wodi ya wazazi, Malindi, zamu za usiku.
Tulipishana mlangoni kama maji kupwa na maji kujaa,
huyu avua viatu, yule avaa.

Siku aliyorudisha sare nikamwambia: Twende.
Wapi?
Nikaelekeza kaskazini kwa kijiko cha chai.

Tuliazima Probox ya mpwa wetu,
mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ngumi.
Pale Sabaki heroe walikuwa wamesimama matopeni
kila mmoja ameficha mguu kama deni,
na mimi nikatoa daftari la mizani,
mistari minne wima, wa tano wa kukata.
Sidi akacheka hadi chai ikamwagikia gauni.
"Chengo, na hawa utawatoza ushuru?"

Garsen, viboko. Yaani mgongo, mgongo, sikio.
Mbele ya Minjila nyati watatu walisimama barabarani
na lami ikawa yao. Nilizima injini,
tukangoja kama watu waliokuja kuomba mkopo.

Nyongoro, kizuizini, askari akauliza: Mwaenda kwa nani?
Hatuendi kwa mtu.
Msiba? Shamba? Biashara?
"Kutembea," akasema Sidi.
Alitazama karatasi yake juu hadi chini,
hapakuwa na safu ya kutembea.
Akaandika Msiba, akatupungia tupite.

Mokowe tuliliacha gari kwenye kivuli cha mabati,
tukapanda boti ya faiba, injini ya farasi arobaini,
nahodha Bunu, kijana wa Kizingitini,
miwani ya jua hata mawingu yalipofunga.
Mkandani maji yalikuwa haba, akainua injini nusu,
tukapita polepole baina ya mikoko,
mizizi imeshuka kama vidole
vya mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.
Nyani wawili walikuwa wakichokoa kaa.
Niliwaandika.

Usiku Kiwayu tulilala kwenye mkeka.
Ng'ambo, bara, fisi alilia
na mke wangu akakaa kitako, akatafuta kandambili kwa mguu,
alidhani anaitwa wodini.

Asubuhi Bunu alituvusha Mkokoni tukaone nyamera:
thelathini na wanane, mapaja ya rangi ya wino,
wametutazama kwa zile nyuso ndefu
za watu waliokwisha kusikia habari yenyewe.
Nilifurahi. Ukurasa ulikuwa unajaa.

Ni wakati wa kurudi. Injini ikakohoa, ikakata.
Niliinama kumshikia Bunu mpira wa petroli,
mkono mmoja dumu, mmoja funeli,
nikasikia nyuma yangu: "Chengo."
Si kwa sauti. Kwa pumzi.
Nikasema, Subiri.

Nilipoinuka palikuwa na duara juu ya maji
likijifungua, likijifungua,
na majani ya bahari yaliyokatwa yakielea.
Sidi alikuwa analia.

Nimemuona akitoka zamu zenye vifo
akala ugali wake, akalala.
"Nguva," akasema. "Alimtanguliza mtoto avute hewa,
ndipo naye akavuta."
Bunu alivua miwani.
Yeye amezaliwa huku, na hajawahi.

Nikafungua daftari, nikaandika: Nguva,
nikapiga mstari mmoja kwa imani.
Akaninyang'anya kalamu,
akaongeza mwingine kando yake, mfupi.
Kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira:
"Unajua nimepokea watoto wangapi?"
Sikujua.
"Nami sijui. Hakuna aliyenipa daftari."

Sasa tuko Malindi, tunalala saa moja, tunaamka saa moja,
bado twagongana viwiko.
Taa ikizimwa namwomba anisimulie tena.
Kila usiku yule mdogo huchelewa kidogo zaidi kuibuka,
na mimi, gizani, nabana pumzi.