Vigae vya Jikoni, Chuno

Fundi Nandonde aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza kama daktari.
"Vunja vyote, Mama Hokororo. Laki tisa, mchanga juu yako."

Laki tisa.
Korosho za mwaka huu zimelipa ada, zikaishia hapo.

Nikachemsha maji, nikatia magadi.
Mswaki wa marehemu, ulikuwa bado dirishani,
ukapita mstari kwa mstari
ukichokonoa masizi ya miaka kumi na mitano.
Halafu msasa. Halafu saruji nyeupe, nusu kilo,
naisukuma kwa kidole hadi kucha zikalalamika.
Kopo moja la rangi, bluu ya sare za shule.

Kimoja sikukipaka:
kile cha nyuma ya jiko, chenye ufa.
Alikigonga kwa mchi siku tuliyohamia,
akacheka, "Basi, nyumba imetoka jandoni."

Kwa bibi yangu, Newala,
kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika,
cha kuombea moto kwa jirani.

Leo Nandonde kapita, kachungulia.
"Hiki umekisahau."
Nikamwambia anywe chai yake.