Jembe la Siku ya Tatu

Mama, umetutolea sahani za kabatini,
zile za maua ya samawati
ambazo enzi zetu zilitoka kwa posa au kwa msiba.
Nikaziona, nikajua.
Mhina hakujua. Ameshamaliza uji wa pilipili manga,
sasa yuko kwenye kaimati, anakula
kama mtu aliyefuturu mkate baridi miaka minne.

Kitanda chako umekitandika shuka mpya,
ina mikunjo ya dukani bado,
wewe ukalala mkekani, chumbani kwa Zuhura.
Mgongo ule, Mama.
Nilipokuzuia ukasema, "Mgeni halali chini."
Neno likaanguka kati yetu
kama kijiko kwenye sakafu,
hakuna aliyeinama kuliokota.

Mvua ya Bergen hainyeshi kwa sauti,
hukulowesha kama mtu anayekusema pembeni.
Hapa, Barabara ya Kumi na Nne, ilipopiga bati
nililia, nikasingizia vumbi.
Vumbi gani la masika?

Siku ya kwanza mgeni. Ya pili mgeni.
Nikahesabu kwa vidole kama nilivyofundishwa:
ya tatu nipewe jembe.
Ya tatu nikajifunga kibwebwe alfajiri,
nikaufuata ufagio wa chelewa nyuma ya mlango.
Zuhura akaninyang'anya. "Dada, utachafuka."
Nikaisogelea mbuzi ya nazi. "Dada, utajikata."
Hata muuza maziwa, yule yule wa baiskeli ya kijani,
aliyekuwa akinidai senti zake kwa kelele,
alinisalimia kama karani wa benki.

Usiku huo mwezi haukuandama.
Redio ikarudia mara tatu,
kana kwamba sisi ndio tuliokata rufani.
Tiketi yetu ilikatwa kwa kalenda,
haijui mawingu wala mashahidi.
Siku ya kwenda Muheza kwa mama mkwe
ikamezwa na saumu ya thelathini,
na Idi yenyewe tungeila mabegi yakiwa mlangoni.
Waja leo, waondoka leo:
zamani tuliwatania nao wageni, msemo huu.

Kesho yake, baada ya futari, gesi ikaisha
na tambi ziko nusu,
shangazi wanne jikoni, mkaa umelowa,
ndipo sauti yako ikatoka,
ile yenyewe, ya mwaka niliovunja mtungi:
"We Mwanakheri! Umesimama kama mlingoti,
nazi zitajikuna?"
Sijapata kuketi mbuzini kwa haraka vile.
Kifuu cha nne kikateleza, likakunwa gumba langu.
Hukugeuka kutoka chunguni. "Nyonya, endelea."
Mhina, aliyetumwa mkaa, akarudi na gunia begani,
shati jeupe si jeupe tena,
na uso ambao Norwei sijawahi kuuona.
Usiku ule nilikula kwenye sahani ya bati
iliyobanduka rangi, bila kuambiwa karibu.
Jembe lilichelewa siku moja, kama mwezi.

Muheza basi lilisimama dakika mbili.
Mama mkwe, gauni la Idi na ndala za chooni,
alikuwa akipitisha machungwa dirishani moja moja,
kisha akaona muda hautoshi, akarusha kikapu kizima.
"Idi njema, umekonda, shika."
Hiyo ndiyo Idi aliyoipata Mhina.
Hadi Segera hakusema neno.
Akamenya chungwa, akanipa nusu,
maji yake yakaingia kwenye jeraha,
nikauma pindo la kanga.

Uwanjani Bergen mashine ilitaka gumba.
Nikaliweka. Ikakataa. Nikaliweka tena.
Askari akauliza kimetokea nini.
Nikatafuta katika lugha yao neno la mbuzi ya nazi,
nikamkosa mbuzi, nikaikosa na nazi.
Nikamwambia tu: nilikwenda kwetu,
nikapewa kazi.