Hesabu ya Chokaa

Mheshimiwa Mweka Hazina,
umeniandikia kwa wino mwekundu:
bajeti ya mwaka, magunia kumi na manne;
yaliyotumika, ishirini na mawili na nusu.
Na chini yake: Je, Bakhiti anakula chokaa?

Kaa basi nikuhesabie. Daftari sina.
Nina viganja vilivyochubuka
na kiwanja cha Bombo, msahaulifu,
kila ikinyesha hujifanya hakuna aliyewahi kukikanyaga.

Manne yalikwenda Februari, mbio za shule.
Njia sita, kila njia na upinde wake,
na nyasi zilivyokauka zilikunywa chokaa
kama ng'ombe waliofika bwawani.
Siku hiyo Zamzam binti Rehani
alitoka njia ya tano, miguu mitupu, mita mia nane.
Mwalimu Ssebyala akasimamisha saa, akaitikisa,
akachungulia ya mwenzake.
Dakika mbili na sekunde nane, zote mbili.
Mimi sijui sekunde. Niliona tu
mstari wangu wa mwisho umeshika vidole vyake
wenzake wakiwa bado wanahangaika na kona.

Nane ni ya ligi.
Tulifungwa mechi saba mfululizo, ndiyo, saba.
Ulitaka nichore nusu kiwanja?
Anayefungwa naye anahitaji eneo la hatari,
tena kuliko anayefunga.

Mei, matatu kwa siku moja.
Usishangae. Nilichora asubuhi, mvua ikafuta.
Nikachora adhuhuri, ikafuta.
Nikachora timu zikiwa zimepanga mstari,
refa ananionyesha saa, wageni kutoka Lugazi wanacheka.
Dakika ya tisini, kona.
Sebiti, mlinda lango wetu, miaka thelathini na tisa,
goti limefungwa kitambaa cha mkewe,
akaacha goli wazi akavuka kiwanja kizima
akipiga kelele mithili ya mtu anayefukuza nyuki.
Kichwa. Mpira ukaanguka, ukanasa topeni.
Umevuka? Haukuvuka?
Refa akapiga magoti. Kati ya mpira na weupe
paliingia unyasi mmoja.
Moja bila.
Bila lile gunia la tatu, Mheshimiwa,
lile goli lingekuwa ubishi hadi leo.

Moja nililimpa Abdalla Kodi, bondia.
Najua, ngumi hazichorewi mistari.
Gunia lake la mchanga lilikuwa limepasuka
na pambano la Kampala limebaki wiki mbili.
La chokaa nalo akalipasua, siku ya kwanza,
akatoka kambini mweupe, watoto wakakimbia.
Alishindwa kwa pointi. Raundi kumi, hakulala chini.
Jicho lilivyovimba, mama yake alimtambua kwa sauti.

Sita, wanawake wa mpira wa pete.
Miaka yote walichezea nyuma ya soko
juu ya mistari ya majivu.
Septemba Hadija Kenyi alinijia na kamba yenye mafundo:
"Shika kigingi hapa. Mimi nitazunguka."
Nusu duara ya kwanza niliiharibu, akaifuta kwa fagio.
Ya pili akaifuta. Ya tatu akanyamaza.
Wakawa wa tatu katika mkoa.
Kombe lenyewe linaenea kiganjani,
lakini kabla yake kabati lako, Mheshimiwa,
lilikuwa na kikombe cha chai tu.

Imebaki nusu. Usiitafute stoo.
Sebiti tulimzika Oktoba; unakumbuka, ulituma salamu.
Siku ya arobaini hakukuwa na mechi.
Nilikwenda peke yangu goli la kusini,
nikachora nguzo hadi nguzo, hatua nane,
mstari mmoja tu, mnene kuliko sheria inavyotaka.
Jioni watoto wakaja na mpira wao wa makaratasi.
Sikuwaambia kitu.
Waliuruka. Hata mmoja hakuukanyaga.

Hiyo nusu ikate kwenye mshahara wangu.

Na mwakani andika thelathini.
Hadija amesema wanataka kiwanja cha pili.