Herufi Moja Pungufu

Zenobio, mlinganyo wako niliukunja mara nne
nikautia mfukoni mwa koti, ubavuni mwa penseli,
nikapanda nao basi la Puno hadi barabara ilipokwisha.
Ulikuwa mzuri. Sikutanii.
Mpiga kura upande huu, meya upande ule,
katikati yao barua:
ukweli ukiingia, mwizi hutoka.

Vijiji tulivipigia kura kabla havijapiga kura,
punje za mahindi kofiani, nyeupe na nyeusi,
mtoto wa katibu kafumba macho.
Ishirini na vinne vikapata barua,
ishirini na vinne vikaachwa na kiza chao cha siku zote.
Barua ilisema, kwa Kiaimara na kwa Kihispania,
katika kila soli mia za barabara
kumi na mbili hazikufika barabarani.

Oktoba tukahesabu.
Palipofika barua, meya aliongeza kura.

Usiku ule ulinipigia simu mara tatu.
Karani kachanganya orodha, ulisema. Hakuchanganya.
Basi hawajui kusoma. Walisoma,
na wengine walinisahihishia Kiaimara changu.

Takwimu zilinuna hadi Juni.
Juni nilimkuta Saturnina Quenta uwanjani
akikanyaga viazi vilivyogandishwa na usiku,
miguu mitupu, maji meusi yakichuruzika chini ya nyayo.
Sikutoa dodoso. Nilivua viatu nikakanyaga naye.
"Kumi na mbili," akasema bila kusimama.
"Sisi tulidhani anakula arobaini."

Hapo nikausikia mlinganyo wako ukikohoa mfukoni.
Ulimpa mpiga kura macho, ukamnyima jana.
Ulidhani tunaandika juu ya karatasi tupu,
kumbe kila kifua kina karatasi yake, na imeshajaa.

Na mimi je, na punje zangu za haki?
Ningerudi na namba tu, imepanda kwa nne,
kama mtu aliyepima homa
asiulize mgonjwa kalala wapi.

Nikaufungua kwa mwanga wa simu.
Mkunjo ulikuwa umekula alama ya usawa.
Pembeni, kwa penseli, nikaongeza herufi moja:
walichokidhani kabla sisi hatujafika.

Sasa unasema jambo jipya, Zenobio.
Unasema palipodhaniwa wema, barua ileile itauma.
Vipo vijiji hivyo, ng'ambo ya mto,
ambako meya huitwa baba.
Nitumie nauli.
Punje nitatafuta nyingine:
zile za mwanzo mtoto wa katibu alizikaanga.