Zambarau

Kalenda ya duka la pembejeo, ya mwaka jana,
bado inaning'inia nyuma ya mlango.
Sijaitoa. Ina majipu ya mwanangu.

Januari tisa: goti la kushoto.
Februari: kisogoni, mawili, yamekumbatiana.
Machi hakuna kitu. Machi nilitoa sadaka.
Aprili: tako. Siku nne hakuketi,
akala uji wima kama mlinzi wa geti.
Juni nimeizungushia wino mara tatu
na mara ya tatu kalamu imetoboa karatasi.

Chedego ana miaka mitatu na nusu.
Neno "usaha" alilijua kabla ya majina ya rangi,
isipokuwa zambarau. Zambarau aliijua mapema,
jivii ilipokuwa imemchora mwili mzima
kama ramani ya nchi yenye maziwa mengi.

Hapa Handali kila mtu ana dawa,
hasa wasiokesha.
Mama mkwe: ni damu chafu, mchemshie mwarobaini.
Nyendo wa jirani: hilo ni jicho la mtu.
Fundi cherehani: mnyime sukari
(sukari ipi, fundi?).
Na yule mwingine, kana kwamba anawaambia mbuzi wake:
"Usafi ni tabia."

Usafi.
Ndoo ni shilingi mia bomba likiwa na moyo.
Likikauka ni mia tano, na foleni tangu alfajiri.
Naigawa ndoo kama warithi wanavyogawana shamba:
haya ya kunywa, haya ya mlenda, haya ya Chedego.
Na yaliyomwogesha, nesi alisema, yasiguse kitu tena.
Nayamwaga uani,
nayatazama vumbi jekundu likiyanywa kwa pupa,
na roho inaniuma kama niliyemwaga maziwa.

Usiku nakanda kwa kitambaa cha moto.
Usikamue, walisema. Sikamui.
Nasubiri jipu liamue lenyewe
huku ameshika sikio langu, analivuta kila linapopwita.
"Mama, puliza."
Napuliza.
"Tena."
Napuliza mpaka jogoo.

Mwezi wa nane, upepo ukifagia mabati,
nesi Eufrazia hakumtazama mtoto kwanza.
Alinitazama mimi.
"Na wewe, puani huna vidonda?"
Nikacheka. Kipupwe cha huku nani hakimpasui pua?
Akainamisha kichwa changu nyuma, akamulika kwa simu.
Hakugomba. Alisema taratibu,
kama anayetaja mpangaji asiyelipa kodi:
"Wadudu hawa wanapenda kukaa humu.
Huenda kwako ndiko wamepanga."

Nilihesabu, nikiwa nimekaa kwenye benchi lile,
pumzi zote.

Akatupa dawa ya tyubu, tupake puani sote,
hata baba yake, anayerudi Jumamosi kutoka Mtumba
na saruji masikioni, akalalamika kama anapakwa pilipili.
Nikakata kucha, zake na zangu.
Nikapiga shuka pasi ya mkaa mpaka zikanuka mkate.
Taulo tatu, kila moja na uzi wake pembeni:
bluu ya baba, nyeupe yangu,
ya Chedego alichagua mwenyewe, msiulize rangi.

Kalenda mpya. Januari safi.
Februari safi; sikumwambia mtu, nisije nikaiamsha.
Machi, jana: mkononi, dogo, saizi ya choroko.
Nilizungusha duara. Wino haukutoboa.

Alitaka jivii iliyobaki ampake mwanambuzi.
Sasa anakatiza uani na paji la zambarau,
mama yake anamnusa, hamwelewi.
"Anaumwa?" nikauliza.
"Amepona," akasema Chedego, "ila bado kidogo."

Kisha akaninyoshea mkono.
"Puliza."
Nikageuza uso pembeni,
nikachukua mfuniko wa ndoo, nikampepea.

"Huko siyo kupuliza."

Siyo, baba.
Lakini hakuuondoa mkono.