Kubwakubwa

Kibuye, Jumapili, umande haujakauka kwenye maturubai,
muuza nyanya mbele ya kibanda changu anapaza:
"Kubwakubwa hizi! Kubwakubwa!"
Anamaanisha kila moja ni kubwa,
hata zile alizozizika chini ya wenzake.

Lakini mteja akiliinua shati la mtumba juani
akasema, "Fundi, hili ni kubwakubwa,"
hamaanishi hivyo.
Shati si kubwa. Wala si saizi yake.
Linamkalia mabegani kama mgeni
asiyejua kama ameambiwa aketi.

Miaka kumi na tisa nakanyaga cherehani
na neno hili bado linanichekesha.
Liseme mara moja: limesimama, kifua mbele.
Liseme mara mbili: linaona haya,
linarudi nyuma hatua.
Sukari ukiirudia, chai hukolea.
Kubwa ukiirudia, hupoa.

Tumelizoea.
Mbuta mkubwamkubwa ni yule ambaye bado tutaelewana bei.
Mvua kubwakubwa ni ya kuanua nguo bila kukimbia.
Deni langu kwa mwenye nyumba, kule Manyatta,
nikilitaja mimi ni dogodogo.
Akilitaja yeye ni kubwa,
mara moja tu, na mlango anaugonga.

Tepu yangu hailijui.
Ina inchi upande huu, sentimita upande ule,
na katikati ya mistari haina la kusema.

Alhamisi Dorsila alikuja na mjukuu wake, Amondi,
na gauni ndani ya mfuko unaong'aa.
Limetoka Dammam.
Samawati, vifungo kama lulu mgongoni,
na karatasi ya bei ambayo hakuna aliyethubutu kuikata.
"Nereah anasema muuzaji alimwuliza saizi," Dorsila akaniambia.
"Akamwonyesha kwa kiganja, hewani:
binti yangu ni mkubwamkubwa hivi."

Kiganja kile kilisimama usawa wa kiuno.
Usawa wa mtoto aliyemwacha langoni
akiwa ameshika nusu ya andazi,
miaka minne sasa.

Amondi alilivaa.
Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikakataa.
Mtoto akavuta pumzi, akaifungia ndani,
mashavu yamejaa,
ili gauni lisiaibike.

Na simu ikalia. Yeye mwenyewe, kwenye video,
shela kichwani, jiko la watu nyuma yake.
"Limemtosha?"

Dorsila akanitazama mimi.
Amondi, bila kupumua, akanitazama mimi.
Hata muuza nyanya alinyamaza, mbea yule.
Nimewaambia wanawake wazima ukweli wa viuno vyao
bila kupepesa jicho.

"Linambanabana," nikasema.
"Kidogo tu."

Nereah akacheka, kisha akaacha.
"Simama mbali, mama, nikuone wote."
Amondi akarudi nyuma, akagusa meza ya pasi.
Dorsila akainua simu: miguu ikakatika.
Akaishusha: kichwa kikakatika.
Kibanda changu ni kidogo. Kioo nacho kidogo.
Mtoto hakuenea.

"Ooh," Nereah akasema.
Hakuna neno nililowahi kulisikia fupi vile.

Nimefumua ubavu huu na ubavu ule.
Kitambaa cha kuongezea, cha rangi ileile, sikukipata
Kibuye nzima wala Oile.
Nilipata cha kukaribiana, buluubuluu,
mchana utakiona, jioni hutakiona.
Karatasi ya bei nimeikata. Amondi ameiomba, nimempa.

Kabla hajakata simu nilimwuliza anarudi lini.
"Karibukaribu," akasema.

Pindo nimelikunja inchi nne ndani,
na uzi nimeuacha mlegevu,
wa kufumuka kwa kuvuta mara moja.